Ngoma ya Shakwe wa Musambwa

Sogeeni karibu, watoto. Leo sina hadithi ya sungura wala ya chui. Leo tunakwenda kisiwani kutazama uchumba.

"Mzee, kisiwa gani? Sisi hatuna bahari."

Kweli, Butembo haina bahari, na Beni vilevile. Anayetaka maji ya chumvi upande wa mashariki avuke Uganda yote na Kenya yote mpaka Mombasa. Anayetaka ya magharibi akate Kongo nzima mpaka Muanda. Sisi tuna milima, tuna kahawa, tuna vumbi la kiangazi na matope ya mvua. Lakini ndege wa ukoo wa baharini tunao, tena karibu. Shukeni Ziwa Edward mpaka Kyavinyonge, pirogi zinaporudi asubuhi na tilapia. Juu ya vichwa vya wavuvi mtaona ndege weupe wenye mgongo wa kijivu, ncha za mbawa nyeusi, mdomo mwekundu na miguu myekundu, wakipiga kelele na kunyang'anyana matumbo ya samaki. Hao ndio shakwe. Duniani kuna aina kama 50 za shakwe, na wengi wao wanakaa pwani za bahari. Huyu wa kwetu, shakwe wa kichwa cha kijivu, ameshika maziwa na mito ya Afrika.

Sasa niwaulize. Wangapi mmewaona shakwe wakila? Naona mikono mingi. Wangapi mmeona kiota cha shakwe? Hakuna mkono, na si ajabu. Mnana hufuma kiota mbele ya macho yenu, kwenye mti wa uani, kwa sababu kiota chake kinaning'inia na nyoka hupata taabu kukifikia. Shakwe hajui kufuma. Yeye hutaga chini, juu ya ardhi au mwamba mtupu, na chini ndiko wanakopita paka, mbwa, panya na watoto wenye kombeo. Kwa hiyo hutafuta ardhi iliyozungukwa na maji, mahali ambapo mbwa hafiki. Na mahali maarufu kuliko pote kwa jambo hilo hapa Afrika ni Musambwa, visiwa vidogo vya mawe ndani ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda.

Haya, twende. Tunatoka Butembo alfajiri, na baada ya kilometa zaidi ya 50 tuko Beni. Hapo tunakunja kulia, barabara ya Kasindi, tunapita ndani ya Hifadhi ya Virunga na kuvuka mto Semliki. Tusimame kidogo darajani. Maji haya yametoka Ziwa Edward pale Ishango, yanakwenda Ziwa Albert, kisha yanaingia Nile. Maji ya Ziwa Victoria tunakoelekea nayo huishia Nile ileile. Shakwe hahitaji ramani kulijua hilo, yeye hufuata maji. Njia hii, kwa kweli, si ya watoto kupita peke yao. Mnajua wenyewe hali ya barabara zetu na nani anaweza kutokea msituni. Lakini kwenye hadithi tunapita bila kuulizwa.

Kasindi kuna foleni ya malori, karatasi na mihuri. Ng'ambo ni Mpondwe. Tunafuata Kasese, tunavuka mstari wa Ikweta, halafu daraja la Katunguru lililo juu ya mfereji wa Kazinga, unaoliunganisha Ziwa George na Ziwa Edward letu. Mbarara, Masaka, na mwishowe fukwe za Kyotera. Hapo tunaacha gari na kupanda mtumbwi wa injini. Kila mtu avae boya, hata anayejua kuogelea. Ziwa Victoria lina kilometa za mraba kama 68,800, yaani linaweza kumeza Ziwa Edward karibu mara 30, na upepo wake hauna utani.

Kabla hamjakiona kisiwa mtakisikia. Kabla ya kukisikia, kama upepo unatoka huko, mtakinusa. Kinyesi cha maelfu ya ndege juu ya mawe yenye jua si manukato. Musambwa ni mawe makubwa meupe kwa mavi ya ndege, miti michache, vibanda vya wavuvi, na juu yake wingu la shakwe lisilotulia. Wataalamu wa ndege wanapataja kuwa ndipo penye makazi makubwa kuliko yote Afrika ya shakwe wa kichwa cha kijivu wanaotaga. Mwaka 2006 visiwa hivi, pamoja na Ghuba ya Sango na vinamasi vya mto Kagera, viliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Hifadhi yetu ya Virunga iliingia katika orodha hiyohiyo miaka 10 kabla, mwaka 1996.

Na pale kisiwani wanaishi watu. Wavuvi hao wana sheria zao za mizimu. Nyoka hauawi. Nyoka wanapita kati ya mawe na hata ndani ya nyumba, na mvuvi anamwacha apite. Mwanamke anaweza kufika mchana, lakini haruhusiwi kulala huko usiku. Wasichana, msininunie. Sheria hiyo sikuitunga mimi, tena mimi mwenyewe siipendi. Ninawaeleza kwa sababu imekifanya kisiwa kibaki na watu wachache, bila familia na bila watoto wa kukimbiza ndege, na shakwe wamefaidika bila mtu yeyote kukusudia.

Sasa kaeni chini juu ya mwamba huu, mbali kidogo na viota. Msisimame, msinyooshe mikono. Tazameni yule dume pale, mwenye kipande cha mwamba ambacho hakizidi mkeka. Anajuaje kwamba ni chake? Kwa sababu anakipigania tangu asubuhi. Kila shakwe akipita juu, yeye hunyoosha shingo mbele na kulia kwa sauti ndefu, ya kukwaruza. Kwa madume wenzake maana ya kelele hiyo ni: pana mwenyewe, ondoka. Kwa majike maana yake ni: pana mwenyewe, njoo. Sauti ni moja na habari ni mbili, kutegemea anayesikiliza.

Jike ametua. Na hapa ndipo watu wengi hukosea, wakifikiri kwamba mapenzi ya ndege huanza kwa furaha. Huanza kwa hofu. Dume amekuwa akipigana kutwa, damu yake bado inachemka, na mbele yake ametua ndege mwenye kichwa cha kijivu na mdomo mwekundu kama walio nao maadui zake wote. Jike akimkabili uso kwa uso, atashambuliwa. Naye jike anaogopa vilevile. Basi tazameni wanavyofanya. Wanasimama ubavu kwa ubavu, wanalia pamoja, wanainamisha shingo kwa pamoja, halafu ghafla wote wawili wanasimama wima na kila mmoja anageuza uso pembeni. Hakuna anayemtazama mwenzake. Ni kama kijana aliyekwenda ukweni mara ya kwanza: macho yako ukutani, mkekani, kwa kuku anayepita, popote isipokuwa kwa baba mkwe.

Kugeuza uso ni kuificha silaha. Mdomo ndio panga la shakwe, na kile kichwa cha rangi ndicho bendera yake ya vita. Akivigeuza pembeni anamwambia mwenzake kwamba leo hakuja kwa vita.

Aliyelieleza jambo hili vizuri ni Niko Tinbergen, Mholanzi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Alitumia miaka mingi akiwa amelala kifudifudi kwenye michanga ya pwani, akiwatazama shakwe kwa subira ambayo walimu wenu wangeitamani kwenu. Yeye aliwasoma hasa shakwe wa kichwa cheusi wa Ulaya, binamu wa karibu sana wa huyu wa Musambwa. Mwaka 1973 alipewa tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch, watu watatu ambao kazi yao ilikuwa kutazama bata, nyuki, samaki na shakwe. Mtu akikuambia kwamba kutazama ndege ni kazi ya mvivu, mtajie mwaka huo.

Turudi mwambani. Jike ameondoka, amerudi, ameondoka tena. Kila akirudi, hofu inapungua. Siku zikipita utamwona anajikunja, anajifanya mdogo kama kifaranga, na kurusha kichwa juu mara kwa mara akitoa sauti nyembamba. Anaomba chakula.

"Mzee, mkubwa mzima anaomba chakula? Si ana mabawa yake?"

Swali zuri. Anayo, na uwezo wa kuvua anao. Lakini anauliza jambo jingine. Akishataga, mayai hayawezi kuachwa hata nusu saa: jua la Ikweta litayapika, au jirani atayala. Mmoja atalala juu ya mayai na mwingine atakwenda ziwani, kwa zamu. Kisha vifaranga watatoka na midomo wazi. Kwa hiyo jike anataka kujua leo, kabla hajataga: huyu bwana, akipata samaki, humleta nyumbani au humeza mwenyewe? Dume mwenye nia anavimba koo, anainama, na kutapika ndagala mbele yake. Jike anakula. Usikunje uso, kwa shakwe hiyo ndiyo mahari. Na jike ambaye halishwi huondoka kwenda kujaribu mwamba mwingine. Sioni ukatili hapo. Naona hesabu nzuri.

Kiota chenyewe si kitu cha kujivunia. Majani makavu, kijiti, manyoya mawili matatu, basi. Lakini wanakitengeneza wawili, na kabla ya hapo hukaa juu ya shimo tupu wakiinamisha vifua na kutikisa shingo kuelekea chini, wakikubaliana mahali. Mayai ni mawili au matatu, ya rangi ya udongo na madoadoa meusi. Ukiyatazama kwa umbali wa hatua tatu juu ya mwamba wenye majani makavu, unaweza kuyakosa kabisa. Ndiyo maana nimewaambia mkae chini. Mgeni anayetembea ovyo kisiwani huua kwa viatu vyake asichokiona, na ndege wanaoruka kwa hofu huacha mayai wazi.

Sasa nitawapa kitendawili ambacho Tinbergen alikitegua. Yai linapopasuka na kifaranga kutoka, shakwe mzazi huliokota ganda kwa mdomo na kwenda kulitupa mbali. Kazi ya dakika chache tu. Lakini ni nadra asahau. Kwa nini ahangaike? Ganda halina uzito na halichomi mtu.

Tinbergen na wanafunzi wake walitandaza mayai kwenye mchanga, mengine peke yake, mengine yakiwa na ganda lililopasuka kando, kisha wakajificha. Kunguru walikuja. Mayai yenye ganda kando yake yaliliwa mapema na kwa wingi zaidi. Ganda kwa nje lina madoa, lakini kwa ndani ni jeupe, na weupe huo huonekana kutoka juu. Ganda moja lililosahaulika huwaonyesha maadui nyumba nzima.

Lakini kuna fumbo la pili ndani ya lile la kwanza, nalo ndilo linalonifurahisha zaidi. Kama ganda ni hatari, mbona mzazi halitupi mara moja? Shakwe wa kichwa cheusi husubiri, mara nyingi saa nzima au zaidi. Jibu liko kwa jirani. Kifaranga aliyetoka sasa hivi ana unyevunyevu, ni mdogo, na shakwe wa kiota cha pili anaweza kummeza mzima mzima. Akishakauka na manyoya yake kuvimba, hamezeki tena kirahisi. Mzazi yuko kati ya maadui wawili: kunguru wa juu anataka ganda libaki, jirani wa kando anataka mzazi aondoke. Basi husubiri kifaranga akauke, ndipo anakimbia na ganda.

Mtaniuliza: kama jirani ni mla watoto, kwa nini wanakaa pamoja? Kwa sababu adui mkubwa anapokuja, macho elfu moja huona kabla ya macho mawili. Tazameni kule juu: furukombe anapita, yule tai wa kichwa cheupe anayelia Ishango kila asubuhi. Kisiwa kizima kimesimama hewani. Shakwe mia wanamfuata, wanamrukia mgongoni, wanamnyea, mpaka aone heri kwenda kuvua kwa jasho lake. Jirani mbaya anafaa siku ya hatari. Watu wazima wa mtaani kwenu wanalijua hilo vizuri.

Na wale weusi wenye shingo ndefu kwenye miti iliyokauka? Hao ni minandi. Miti imekauka kwa sababu yao, kwa kinyesi chao kikali. Mnandi ana mapenzi ya aina nyingine. Mkubwa wa ukoo huo, mwenye kifua cheupe, dume lake hukaa mahali pa kiota na kuinua mbawa zilizokunjwa, kushusha, kuinua, kushusha, na kila akiinua kinaonekana kiraka cheupe pajani, kisha kinajificha. Jike akikaribia, dume hulaza kichwa nyuma mpaka kiguse mgongo na kutoa sauti ya kusukutua koo. Hapigi makelele kama shakwe, anatumia taa. Sitakaa kwao sana, ingawa kuna yangeyange pia katikati yao na mtu angeweza kuwatazama mpaka jioni.

Nataka niwaambie juu ya mayai. Zamani wavuvi wa Musambwa waliyaokota kwa ndoo. Yai la shakwe linalika, na pale hakuna shamba wala kuku wa kutosha. Nani atamlaumu mtu mwenye njaa? Lakini mayai yakiokotwa kila msimu, wazee wanakufa bila warithi. Shirika la NatureUganda lilikwenda kuongea na wavuvi wenyewe, na wavuvi wakakubali kuacha mayai. Sidhani kwamba maji ndiyo yanayokilinda kisiwa kile. Maji humzuia mbwa, mtu mwenye mtumbwi hayamzuii. Kinachowalinda shakwe wa Musambwa ni neno walilopeana wavuvi, na neno hilo linaweza kuvunjwa asubuhi yoyote.

Tugeuze mtumbwi, turudi kwetu, maana sitaki mdhani mambo haya ni ya Uganda tu. Pale Ishango, Semliki inapotoka ziwani, kuna kingo za udongo zenye matundu ya duara. Hayo ni malango ya mdiria, yule ndege wa madoa meusi na meupe anayesimama hewani akipiga mabawa, kisha anaanguka majini kama jiwe. Wawili huchimba handaki la zaidi ya mita moja kwa midomo na miguu, na kutaga mwishoni, gizani. Mtaalamu Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza ndege hawa Kenya, kwenye Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha. Aligundua kwamba mara nyingi wanaoleta samaki tunduni si wawili. Kijana wa kiume wa mwaka uliopita, badala ya kuoa, hubaki kuwalisha wadogo zake. Wapo pia madume wasio ndugu wanaoomba kusaidia. Naivasha, ambako kuvua ni rahisi, wenye nyumba waliwafukuza. Ziwa Victoria, ambako mawimbi na umbali hufanya kazi iwe ngumu, waliwakubali baada ya vifaranga kutoka. Na yule mgeni hasaidii bure: mwaka unaofuata, mwenye nyumba akifa, huenda yeye ndiye akamwoa mjane.

Basi ngoma zote hizi zinasimama juu ya samaki. Samaki akipungua, dume hana cha kutapika, na mgeni wa mdiria hana cha kubeba tunduni. Ziwa Edward limepungukiwa. Nyavu za matundu madogo hukamata watoto wa tilapia, mitumbwi isiyo na ruhusa huvua hata mahali samaki anapozalia. Viboko nao waliuawa: miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na karibu 29,000, na kufikia mwaka 2005 walikuwa chini ya elfu moja. Kinyesi cha kiboko hurutubisha maji na kulisha wadudu na mimea midogo ambayo samaki hula. Mwenye bunduki aliyempiga kiboko kwa ajili ya nyama na meno hakujua kwamba anamnyang'anya shakwe mahari.

Kuna mgeni mmoja zaidi ambaye sijamtaja. Kuanzia mwisho wa mwaka, kwenye mfereji wa Kazinga na maziwa ya jirani, mtaona shakwe mkubwa kuliko wa kwetu, mgongo mweusi, miguu ya manjano. Huyo ni ndege wa bahari hasa. Watafiti wa Ufini wamewavalisha shakwe hao vifaa vidogo vya setilaiti na kuwafuata kutoka visiwa vya mawe vya Bahari ya Baltiki, kuvuka Mediterania, kupanda Nile, mpaka Ziwa Victoria. Huku kwetu hawachumbiani wala hawatagi, wanakula na kupumzika. Ikifika Machi au Aprili wanaondoka, na mwezi wa 5 wanapigania vipande vya mwamba huko Baltiki, chini ya jua linalochelewa kutua.

Jambo la mwisho nalisema kwa ukali, kwa hiyo msicheke. Mwezi wa 1 mwaka 2017 ndege walikufa kwa wingi kwenye Ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe. Ilikuwa mafua ya ndege, na mwaka huohuo ugonjwa ulifika Ituri kando ya Ziwa Albert, ukaua bata na kuku. Ukiona ndege wamekufa ufukweni, usiwaguse, usiwapeleke jikoni, usimpe mbwa. Mwambie mtu mzima, na mtu mzima amwambie daktari wa mifugo au mlinzi wa hifadhi. Sisi wa Butembo na Beni tulipita katika Ebola kuanzia mwaka 2018. Hatuhitaji kufundishwa mara mbili maana ya kunawa mikono na kutoa taarifa mapema.

Mkipata nafasi ya kushuka ziwani na wazazi, kuna kazi nawaachia, wewe Kasereka na wewe Masika na kila anayejua kuandika. Tazameni vichwa vya shakwe. Wakati wa kuzaa kichwa huwa cha kijivu safi, na nje ya wakati huo rangi hufifia, hubaki alama hafifu tu. Andikeni kwenye daftari tarehe, mahali, wangapi wana kichwa cha kijivu na wangapi hawana. Pale Ishango, mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wa miaka kama 20,000 uliochongwa mistari kwa makundi, na wengi wanaona kwamba aliyeuchonga alikuwa anahesabu. Mfupa huo sasa uko Brussels. Daftari lenu libaki hapa, mpeni mwalimu wa sayansi, na darasa litakalofuata liendelee kuandika kuanzia ukurasa mliouachia.